Anayepigwa kwa ajili yetu
Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkubwa wa wanamemba, Kibati



Komite ilituomba tuzungumze juu ya afya. Tunajua wengi mlingojea tuseme juu ya maji na kipindupindu, sawa tunavyosemaka kila mara. Leo tutasema juu ya kichwa. Tunaomba mtuvumilie, juu mwisho wa maneno haya kuna jambo ambalo mkutano huu utapaswa kulikata, na si jambo dogo.

Tuanzie hapa kwetu. Kila mtu anajua namna alivyofika tena hapa. Wengine wametoka kambi za Goma, wengine walikuwa Rutshuru kwa ndugu, wengine walivuka mpaka wakakaa miaka. Kibati yenyewe ilishakuwa kambi mwaka 2008, watu wakalala juu ya mawe ya volkano. Mwezi wa 8 mwaka 2013 risasi zililia kwenye vilima hivi vya juu yetu. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 Nyiragongo ikatapika, lava ikakata barabara ya Goma na Rutshuru. Kukimbia na kurudi tumeshajua kama kazi.

Anayerudi anakutaka mambo matatu: nyumba bila mabati, shamba lenye mtu mwingine ndani yake, na robine yenye foleni ndefu. Na kila mahali penye mambo hayo matatu, watu wanatafutaka mtu wa nguvu wa kusimama mbele yao. Si mtu mbaya. Ni kijana wa mtaa, mwenye mabega, asiyeogopa. Wanamwambia: "Wewe utangulie, sisi tuko nyuma yako."

Kuna kijana mmoja wa namna hiyo. Mama yake ametupa ruhusa tuseme habari yake, lakini bila jina. Tutamwita kijana wetu. Alikuwa anasukuma chukudu. Wamama wetu wanaoteremsha mashu na karoti za Kibumba mpaka soko la Virunga, kule Goma, wanatokaka saa kumi za usiku, na barabarani wezi wanawangojea. Kijana wetu alikuwa anatangulia. Wezi walipotokea, yeye ndiye alipigana nao. Robine ilipoleta ugomvi, yeye ndiye aliitwa. Alipigwa fimbo, alipigwa mawe, siku moja alipigwa chuma cha chukudu akaanguka, akaamka, akaendelea na safari. Mara ngapi alipigwa? Hakuna aliyehesabu. Tulihesabu mifuko ya mashu iliyofika sokoni.

Malipo yake yalikuwa sahani ya maharagwe, franka kidogo, na kama kichwa kinamuuma sana, chupa ya kanyanga ili apate usingizi.

Kisha akaanza kusahau. Akaacha chukudu pamoja na mzigo wa watu kando ya njia, akarudi nyumbani hakumbuki aliiacha wapi. Mwanga wa jua ukawa unamuumiza macho. Usingizi ukakimbia. Yeye aliyekuwa mpole nyumbani akampiga mdogo wake kwa sababu ya kijiko. Watu wakasema ni kanyanga. Wengine wakasema amerogwa. Wengine wakasema ni bangi, ingawa hakuna aliyemuona akivuta.

Mama yake akaja kwenye mfuko wetu wa kusaidiana. Komite ikasoma sharti: mfuko unasaidia ugonjwa, uzazi, kilio na nyumba iliyoungua, hausaidii majeraha ya ugomvi. Na sisi, kikundi cha kazi ya uwanjani, tulipojaza fomu yetu, tuliandika kwamba hatimizi masharti. Saini iliyo chini ya fomu hiyo ni yetu. Hatukuja hapa kuhukumu komite, tumekuja tukiwa na kosa letu mkononi.

Baada ya siku ile tulianza kusoma na kuuliza: watu ambao kazi yao ni kupigana kwa ajili ya wengine, mwisho wao unakuwaje? Tuliyoyakuta ndiyo tunayawaletea.

Habari ya kwanza iko mbali sana, Kanada. Ndugu zetu waliopelekwa kule kama wakimbizi wanaujua mchezo huo: hoki ya barafu. Uwanja ni barafu tupu. Wachezaji wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanateleza mbio kuliko pikipiki yetu kwenye barabara hii, na kwa fimbo ndefu wanapiga kitu kidogo cheusi cha mviringo ili kiingie golini. Kila upande ni watu sita pamoja na kipa.

Sasa, kwenye timu nyingi kulikuwa na mtu mmoja asiyehitajika kufunga goli. Kazi yake ilikuwa kuwalinda wanaofunga. Adui akimuumiza mchezaji mzuri wa timu, mtu huyu anamfuata. Wawili wanatupa glovu zao chini, wanashikana nguo, wanapigana ngumi za uso mikono mitupu. Waamuzi wanaangalia mpaka mmoja aanguke au wachoke. Halafu kila mmoja anakaa dakika 5 kwenye kizimba cha adhabu, na baadaye anarudi kucheza. Watu wote uwanjani wanasimama na kupiga kelele za furaha. Sisi tutamwita mtu huyo mtu wa ngumi.

Mmoja wao aliitwa Derek Boogaard. Alizaliwa mwaka 1982, Saskatoon. Alikuwa na urefu wa karibu mita 2. Mwaka 2005 aliingia timu ya Minnesota Wild, na mwaka 2010 akaenda New York Rangers kwa mkataba wa miaka 4, dola milioni 6 na nusu. Katika mechi 277 za ligi kuu alifunga magoli 3. Sikieni vizuri: magoli 3. Pesa zile hazikuwa za magoli. Zilikuwa za uso wake na mikono yake.

Mwezi wa 12 mwaka 2010, kule Ottawa, alipigwa ngumi katika pambano, ubongo ukatikisika. Hakucheza tena. Tayari alikuwa ameshazoea dawa kali za maumivu, zile ambazo mwili ukizijua hauziachi. Tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 2011 alikutwa amekufa nyumbani: pombe pamoja na dawa hizo. Alikuwa na miaka 28.

Familia yake ikakubali ubongo upelekwe kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston. Wakakuta ndani yake ugonjwa wa watu waliopigwa kichwa mara nyingi, ugonjwa wanaouita kwa kifupi CTE. Ugonjwa huo huo ulikuwa umekutwa kwa Bob Probert, mtu wa ngumi aliyejulikana sana kabla yake, aliyekufa mwaka 2010 akiwa na miaka 45. Na kabla ya mwezi wa 8 wa mwaka ule wa 2011 kuisha, watu wengine wawili waliojulikana kwa kazi hiyo, Rick Rypien mwenye miaka 27 na Wade Belak mwenye miaka 35, nao walikuwa wamekufa.

Kwa nini tunawaletea habari ya barafu hapa penye mawe ya volkano? Kwa sababu ya jambo moja. Boogaard hakukosa daktari. Hakukosa pesa, hakukosa chakula, hakukosa gari la wagonjwa. Sisi hapa tunazoea kusema, "Tungekuwa na pesa, kijana huyu angepona." Pesa inasaidia, hatukatai. Lakini kule pesa ilikuwepo na mtu akapotea vilevile. Katika kazi ile, anayesema kichwa kinauma anapoteza nafasi, mwingine anaichukua kesho. Basi wengi walikuwa wanafichaka. Na wale waliofaidika na ngumi zao hawakuwa na haraka ya kuuliza.

Mtasema hiyo ni ya wazungu. Basi tusogee karibu, kwa jirani zetu wa Kenya.

Robert Wangila alishinda medali ya dhahabu ya ngumi kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Nchi nzima ilimshangilia. Akaenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Mwezi wa 7 mwaka 1994, Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake kwa sababu aliona amepigwa vya kutosha. Wangila mwenyewe alilalamika, alitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye akazimia, akapelekwa hospitali, akafa. Alikuwa na miaka 26.

Tulipofika hapo tulinyamaza kidogo. Mtu ambaye ubongo wake ulikuwa umeshaumia alikuwa bado anasema yuko mzima. Hakuwa anadanganya. Kichwa kilichoumia ndicho hicho hicho kinachotumika kujipima, kama mizani iliyoharibika: ukiiuliza uzito, itakujibu tu, lakini itakujibu vibaya. Kwa hiyo tunaposema, "Kijana wetu mwenyewe alisema hana shida," tunauliza mizani mbovu.

Jirani yetu mwingine ni Conjestina Achieng, wa Siaya. Huyo alikuwa mwanamke wa ngumi aliyejulikana Afrika nzima katika miaka ya 2000. Kisha akashikwa na ugonjwa wa akili, akaonekana kijijini kwao katika umaskini. Wakenya wakahuzunika, wakachanga, akapelekwa kutibiwa, akarudi, kelele zikanyamaza, akaonekana tena katika hali ile ile, wakachanga tena. Hatuwezi kusema ngumi ndizo zilileta ugonjwa wake. Magonjwa ya akili yana vyanzo vingi. Tunachosema ni hiki: mchango wa siku moja si matunzo. Sisi wa mashirika tunalijua kosa hilo kuliko nyinyi, juu tunalifanyaka kila mwisho wa mradi.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka pambano la Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Inchi yetu bado inalisema mpaka leo. Lakini pambano ambalo tungependa mlijue ni la mwaka uliofuata, tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 1975, kule Manila, Ufilipino. Ali na Joe Frazier walipigana raundi 14. Uso wa Frazier ulikuwa umevimba, jicho limefungwa. Ilibaki raundi moja tu. Mwalimu wake, Eddie Futch, alikataa asiinuke tena kwenye kiti. Frazier alitaka kuendelea. Futch akasema imetosha. Wakapoteza pambano kubwa kuliko yote ya maisha yao.

Katika hadithi zote tulizosoma, mtu tuliyemtafuta ni huyo Futch. Kwenye kila kikundi kuna mtu wa ngumi, na kuna watu wa kupiga makofi. Anayekosekana ni mwenye ruhusa ya kusema imetosha, hata kama mzigo utapotea, hata kama mwenye kupigana amekasirika. Sisi Kibati tulikuwa na mtu wa ngumi miaka yote hii. Mtu wa kusema imetosha hatukumchagua.

Tueleze sasa kichwa chenyewe. Wamama, mnajua bidoni ya maji iliyojaa nusu, imefungwa juu ya chukudu. Chukudu ikisimama ghafula, bidoni inasimama, lakini maji ndani yanaendelea, yanapiga upande mmoja, yanarudi, yanapiga upande wa pili. Ubongo ni laini na umezungukwa na maji ndani ya mfupa. Pigo likifika, mfupa unasimama, ubongo unaendelea. Hakuna damu nje, hakuna kidonda cha kufunga bandeji. Ndiyo maana tunaona mtu mzima.

Pigo moja la namna hiyo, mtu akipumzika vizuri, mara nyingi linapona. Hatari kubwa ni pigo la pili kabla la kwanza halijapona. Na hatari nyingine ni mapigo mengi ya miaka mingi. Mwaka 1928 daktari mmoja wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya wapigana ngumi waliokuwa wanatembea na kusema kama walevi bila kunywa. Ni karibu miaka 100 sasa watu wameandikiwa jambo hili.

Ule ugonjwa wa Boogaard, CTE, unathibitishwa tu kwa kuangalia ubongo wenyewe baada ya kifo. Kwa hiyo hakuna mtu hapa, hata daktari, anayeweza kusema kijana wetu anao. Sisi hatusemi anao. Inawezekana ni kanyanga pia. Inawezekana ni huzuni ya vita, juu naye alikimbia akiwa mtoto kama nyinyi. Mara nyingi ni vyote pamoja, na kimoja kinavuta kingine. Tunachojua ni kwamba ni mgonjwa, na kwamba baadhi ya mapigo yale aliyapokea akiwa anatangulia mbele ya mizigo yetu.

Tunaomba kila nyumba ikumbuke alama hizi. Mtu akipigwa kichwa, au akianguka na pikipiki, kisha akatapika tena na tena, akashikwa na usingizi usioamshika, akapata kifafa, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, au maji meupe au damu ikatoka puani au sikioni: huyo asingojee asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asipewe pombe, asipewe dawa za usingizi. Kama alama hizo hazipo lakini kichwa kinauma, mwanga unamsumbua, anasahau: apumzike siku kadhaa, aonwe na muuguzi wa kituo cha afya, asirudi kwenye mizigo wala kwenye ugomvi mpaka apone. Hiyo ni kwa motari pia, ni kwa mtoto aliyeanguka mtini, na ni kwa mwanamke anayepigwa nyumbani. Tunasema hilo la mwisho kwa sauti. Kichwa cha mwanamke nacho ni bidoni yenye maji.

Kuna mmoja alituambia wiki iliyopita: "Bale beko na bichwa ngumu, bamezoea." Mifupa inaweza kuwa migumu. Ubongo haujawahi kuzoea.

Tunajua pia maneno yatakayosemwa tukimaliza. La kwanza: alichagua mwenyewe. Ni kweli, hakuna aliyemfunga kamba. Lakini tujiulize: asubuhi ile mzigo ulipofika sokoni salama, nani alimwambia asirudi tena? Tulimwambia "uko mwanaume kweli", tukampa kanyanga, tukamngojea kesho yake saa kumi. Wazee wanasema shukrani ya punda ni mateke. Safari hii punda ni sisi.

La pili: tukisaidia majeraha ya ugomvi, kila mlevi atakuja kudai. Hoja hii ina uzito na tuliizungumza muda mrefu na komite. Mfuko ni wa franka za watu wanaouza karoti. Hauwezi kulipia kila chupa iliyovunjwa kichwani. Kwa hiyo hatuombi sharti lifutwe. Tunaomba ligawanywe: aliyegombana kwa mambo yake, na aliyepigwa akifanya kazi ya kikundi. Tofauti hiyo tunaijua wote. Aliyekuwa anatangulia mbele ya wamama kumi saa kumi za usiku hakuwa kwenye ugomvi wake.

La tatu: mchezo wa ngumi wenyewe ni mbaya, vijana wauache. Hatusemi hivyo. Goma wanamjua Kibomango, aliyefundisha ngumi watoto wa mtaani na vijana waliotoka kwenye makundi ya silaha. Ulingoni kuna glovu, kuna kengele, kuna mwamuzi. Kwenye barabara ya Kibumba hakuna kengele.

Na kuna hadithi moja ya mtoto wa Kivu ambayo tunataka vijana waondoke nayo. Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Vita vilimtenganisha na watu wake akiwa mdogo, akakutwa porini baada ya siku nyingi, akapelekwa Kinshasa. Huko akajifunza judo. Ameeleza mwenyewe kwamba waliposhindwa mapambano, walimu wao waliwafungia na kuwanyima chakula. Mwaka 2013 alipelekwa Brazil kwenye mashindano ya dunia, na kule Rio de Janeiro akaachwa hotelini bila chakula, bila pesa, bila karatasi. Yeye na mwenzake Yolande Mabika, naye wa kutoka Bukavu, wakaamua kutoka na kuomba ukimbizi. Mwalimu mwingine wa judo, Mbrazil anayeitwa Geraldo Bernardes, akawapokea. Mwaka 2016 wote wawili walikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, watu 10 kwa jumla. Misenga alishinda pambano lake la kwanza, dhidi ya Avtar Singh wa India. La pili alishindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia.

Mwili wake ulikuwa ule ule, mchezo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni watu waliokuwa nyuma yake. Wa kwanza, aliposhindwa, walimnyima mkate. Huyu wa pili alipomkuta ameachwa, alimfungulia mlango. Ndivyo tunavyotaka kikundi hiki kipimwe: si kwa namna kinavyomsifu anayeshinda, lakini kwa kile kinachompa siku anaposhindwa kuinuka.

Basi tunaweka mambo matatu mbele ya mkutano.

Kwanza, sharti la mfuko liandikwe upya: mwanamemba, au mtoto wa mwanamemba, aliyeumia akiwa analinda watu au mali ya kikundi, asaidiwe kama mgonjwa mwingine yeyote. Usafiri wa kwenda Goma na gharama ya kumuona daktari zitoke mfukoni. Kwa wale ambao shida imefika kwenye akili, Goma kuna kituo cha Tulizo Letu kinachotibu magonjwa hayo. Tupeleke watu wetu huko kabla ya kuwafungia chumbani.

Pili, tuchague watu wawili, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, wenye ruhusa ya kusema imetosha. Wawe na daftari. Kila anayepigwa kichwa aandikwe, na aliyeandikwa asiitwe tena kwenye robine wala barabarani mpaka muuguzi amruhusu. Hata kama siku hiyo mzigo utakaa. Hapa ndipo patakapouma, tunalijua. Siku moja mashu yataoza, na mtu atasema ni kwa sababu ya daftari. Siku hiyo tukumbuke Manila.

Tatu, tuache kumtuma mtu mmoja atangulie. Wamama waondoke wakiwa kikundi kikubwa, saa ya kuondoka isogezwe mpaka kukipambazuka, hata kama bei ya asubuhi ya mapema itapotea kidogo. Foleni ya robine iwe na namba, na namba zishikwe na mzee anayeheshimiwa. Ugomvi mwingi tulioutatua kwa ngumi ungetatuliwa na kipande cha karatasi.

Kwa nyinyi wafadhili: hatuwaombi mashine. Tunaomba mambo mawili ambayo hayapendezi kwenye picha. Mnapotupa pesa za matibabu, mkubali sehemu yake iwe chakula cha nyumba ya mgonjwa kwa wiki anazopumzika. Kumwambia msukuma chukudu apumzike bila unga ni kumtania. Na mkubali tumfuatilie mtu miaka miwili badala ya miezi mitatu. Kwenye ripoti ataonekana ni mtu mmoja. Muache aonekane hivyo, ni mtu mmoja kweli.

Kuhusu sisi: tumeomba fomu yake irudishwe ili tuandike upya. Tumeambiwa inawezekana kama mkutano utabadilisha sharti. Hatuwaahidi kwamba atapona. Muuguzi alituambia vizuri kwamba mengine yatarudi na mengine labda hayatarudi. Siku hizi analala kidogo zaidi, ameacha kanyanga wiki tatu, na asubuhi anamsaidia mama yake kuchambua maharagwe. Chukudu yake iko nyuma ya nyumba, imefunikwa.

Mama yake yuko hapa, ameketi upande wa mlango. Hakuja kuomba huruma. Alituambia neno moja tu la kuwaletea: "Wakati wa kumuita, mulikuwa munajua njia ya kwangu."

Tunamuachia mwenyekiti neno, watu wanyoshe mikono.